Kesi zimepungua Florida, lakini ada ya bima inashuka kwa nani?

Mwezi Desemba mwaka 2022, wabunge wa jimbo la Florida nchini Marekani waliitwa kwenye kikao maalumu cha siku chache, na katika siku hizo walifuta kanuni iliyokuwamo katika sheria za jimbo lao tangu mwaka 1893. Kanuni yenyewe ilikuwa rahisi kueleweka. Mwenye nyumba aliyeishitaki kampuni yake ya bima akashinda, hata kama alishinda kwa kiasi kidogo tu, wakili wake alilipwa na kampuni. Akishindwa, yeye hakulazimika kumlipa wakili wa kampuni. Kwa karibu miaka 130 hiyo ndiyo ilikuwa ngao ya mtu mdogo mbele ya kampuni kubwa.

Sababu iliyotolewa ya kuifuta ilikuwa moja: kushusha gharama za bima. Tangu wakati huo majimbo mengine, yakiwamo Louisiana na Georgia mwaka 2025, yamepita njia hiyo hiyo au inayofanana nayo. Suala hili linastahili kuangaliwa kwa makini hata na msomaji wa huku Afrika Mashariki. Bima inatengenezwa kwa vitu vile vile popote inapouzwa: fidia inayolipwa, gharama ya kubishania fidia hiyo, mtaji, faida, na bima mtawanyo, yaani ile bima ambayo kampuni za bima zenyewe hukata kwa kampuni kubwa zaidi za dunia. Ukipunguza kimoja, haina maana kwamba bei ya mwisho itapungua kwa kiasi hicho hicho. Mkulima wa mahindi anajua hivyo kwa bei ya sembe.

Tatizo la Florida lilianza na upepo. Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliipiga kusini ya jimbo hilo na kuubomoa mji wa Homestead, eneo la wakulima wa mboga, matunda na miche. Kampuni kadhaa za bima zilifilisika. Kampuni kubwa za kitaifa zilijifunza somo, zikaanza kupunguza idadi ya nyumba zinazozikatia bima katika jimbo hilo. Nafasi yao ilichukuliwa na kampuni ndogo za humo humo, zenye mtaji mdogo na utegemezi mkubwa wa bima mtawanyo. Mwaka 1993 jimbo lilianzisha mfuko wake wa maafa ya vimbunga, na mwaka 2002 likaanzisha shirika la bima la Citizens, kimbilio la mwenye nyumba aliyekosa kampuni binafsi ya kumpokea.

Baada ya upepo zikaja paa. Mkandarasi alipita nyumba kwa nyumba baada ya dhoruba, akapanda juu, akashuka na habari kwamba vigae vimeharibika na kwamba mwenye nyumba anaweza kupata paa jipya bila kutoa hata senti. Alichotakiwa kufanya ni kutia saini karatasi moja tu, ya kumhamishia mkandarasi haki ya kudai fidia. Kuanzia hapo mkandarasi ndiye aliyekuwa mdai, na wakili wake alijua kwamba kampuni itamlipa endapo atashinda. Kanuni za ujenzi za jimbo nazo zilichangia. Paa lililoharibika kwa zaidi ya asilimia 25 lilitakiwa kubadilishwa lote, mpaka bunge lilipolegeza sharti hilo Mei 2022.

Matokeo yake yalionekana kwenye takwimu ambazo ofisi ya jimbo inayosimamia bima iliziwasilisha bungeni mwaka 2021. Mwaka 2019 Florida ilikuwa na takriban asilimia 8 ya madai yote ya bima za nyumba yaliyofunguliwa Marekani, lakini ilikuwa na zaidi ya asilimia 76 ya kesi zote za bima za nyumba zilizofunguliwa mahakamani nchini humo. Hakuna kimbunga kinachoweza kueleza tofauti ya namna hiyo. Vimbunga hupiga pia Texas, Louisiana na Carolina.

Anayedhani kwamba mawakili wa Florida walikuwa watu wabaya kuliko wa majimbo mengine anakosea. Walifuata fedha mahali ilipowekwa na sheria, kama dalali wa mazao anavyofuata tofauti ya bei kati ya shamba na soko. Sheria iliyotungwa kumlinda mjane mwenye nyumba moja ilikuwa imegeuka mtaji wa watu ambao hawakuwa na nyumba iliyovuja.

Mwaka 2022 mambo yaliharibika. Kampuni sita za bima zilifilisika katika mwaka huo mmoja. Septemba 28 kimbunga Ian kilitua pwani ya magharibi, kikavuka jimbo kikipitia mashamba ya michungwa. Februari 2023 kampuni nyingine, United Property & Casualty, ilikabidhiwa kwa mfilisi. Shirika la Citizens, ambalo kwa nia ya waasisi wake lilipaswa kuwa kimbilio la mwisho, likawa ndilo kampuni kubwa kuliko zote, na mwaka 2023 lilipita mikataba milioni 1.4.

Sheria ya Desemba 2022 haikufuta tu ile kanuni ya mwaka 1893 kwa bima za mali. Ilikataza pia kuhamisha haki ya kudai kwa mikataba iliyotolewa kuanzia Januari 2023. Ilipunguza muda wa kutoa taarifa ya hasara kutoka miaka miwili hadi mwaka mmoja. Kwa upande wa pili, kampuni zilipunguziwa muda wa kulipa au kukataa dai kutoka siku 90 hadi 60. Mteja wa Citizens aliyepata kampuni binafsi inayomtaka bei isiyozidi ya Citizens kwa zaidi ya asilimia 20 alilazimika kuhama. Na hazina ya jimbo iliweka fedha: dola bilioni 2 mwezi Mei na bilioni 1 mwezi Desemba, za kuzisaidia kampuni kupata bima mtawanyo.

Machi 2023 ikafuata sheria ya pili, pana zaidi, iliyoondoa kanuni ya ada za mawakili katika bima za aina zote, ikapunguza muda wa kufungua kesi za uzembe kutoka miaka minne hadi miwili, na kubadili hesabu ya lawama. Zamani, dereva aliyechangia ajali kwa asilimia 80 aliweza bado kudai asilimia 20 ya hasara yake kwa mwenzake. Chini ya sheria mpya, anayebeba zaidi ya nusu ya lawama hapati kitu.

Je, ada ilishuka? Jibu la haki ni kwamba inategemea bima ipi. Kesi zilipungua, hilo halina ubishi. Kampuni mpya zilifungua milango, na idadi ya mikataba ya Citizens ilikuwa imerudi chini ya milioni moja mwishoni mwa 2024, hata baada ya vimbunga Helene na Milton kulipiga jimbo hilo mwaka huo huo. Katika bima ya magari kampuni kubwa ziliomba kushusha ada, na Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Progressive itarudisha kwa wateja wake wa magari wa Florida karibu dola bilioni 1. Lakini marejesho hayo hayakutokana na ukarimu. Florida ina sheria ya zamani inayokataza kampuni ya bima ya magari kubaki na faida inayovuka kiwango kilichowekwa. Mageuzi ya mahakama yalitengeneza faida, na sheria nyingine kabisa ndiyo iliyoitoa faida hiyo mfukoni mwa kampuni na kuipeleka kwa mteja.

Jambo hilo halisemwi vya kutosha na wanaosifia mageuzi hayo. Katika bima ya nyumba, kilichoonekana zaidi ni kupanda kwa kasi ndogo na, kwa baadhi ya kampuni, kushuka kidogo kutoka kilele ambacho tayari kilikuwa juu mno. Mwenye nyumba wa Florida ameendelea kuwa miongoni mwa wanaolipa ada kubwa kuliko wote Marekani.

Kuna na upande ambao takwimu za kesi haziuonyeshi. Chukua mtu ambaye mkadiriaji hasara wa kampuni amemwandikia dola 9,000 wakati fundi wake anasema ukarabati ni dola 21,000. Tofauti ni dola 12,000. Wakili wa kupigania dai hilo mpaka mwisho anaweza kugharimu zaidi ya tofauti yenyewe. Chini ya kanuni ya zamani wakili angelichukua dai, kwa sababu angelipwa na kampuni. Baada ya kanuni hiyo kufutwa, mtu huyo anachukua dola 9,000 na kunyamaza. Katika vitabu hiyo itahesabiwa kuwa kesi moja iliyoepukwa, na labda ilikuwa kesi ya haki. Ni vigumu kutenganisha kesi za uongo na za kweli kwa shoka moja, na bunge lilichagua shoka.

Februari 2025 magazeti ya Florida yalichapisha habari za taarifa ambayo msimamizi wa bima wa jimbo alikuwa ameiagiza, ikichunguza kampuni za bima za nyumba kati ya 2017 na 2019. Taarifa ilionyesha kwamba wakati kampuni hizo zikilalamika kwamba zinapata hasara, ziliwalipa wenye hisa gawio na kupeleka fedha nyingi kwa kampuni dada zilizo chini ya wamiliki wale wale, kwa jina la ada za uendeshaji na usimamizi wa madai. Utaratibu huo si haramu wenyewe. Kampuni ya bima husimamiwa kwa ukali kuhusu faida yake, kampuni dada haisimamiwi hivyo. Basi faida huhamia inakoweza kupumua. Wabunge waliopiga kura mwaka 2022 hawakuwa na taarifa hiyo mezani. Walikuwa na takwimu za kesi tu. Ukiwa na hesabu ya upande mmoja, utapunguza gharama ya upande mmoja.

Louisiana inaonyesha hatari hiyo wazi zaidi. Mwaka 2020 bunge la huko lilipitisha sheria iliyoshusha kiwango cha dai kinachoruhusu kesi kusikilizwa na jopo la raia, kutoka dola 50,000 hadi 10,000, kwa hoja kwamba majaji peke yao wanatoa fidia kubwa mno katika ajali za magari. Wananchi waliambiwa wategemee ada kushuka kwa hadi asilimia 10. Hazikushuka hivyo. Vikaja vimbunga Laura mwaka 2020 na Ida mwaka 2021, soko la bima za nyumba nalo likaporomoka. Mwaka 2025 jimbo lilirudi mezani. Safari hii, pamoja na sheria ya kumnyima fidia mwenye lawama kubwa zaidi kuanzia Januari 2026, Gavana Jeff Landry alitia saini nyingine inayompa Kamishna wa Bima nguvu zaidi ya kukataa ada zilizozidi. Kamishna mwenyewe, Tim Temple, aliipinga. Ni nadra kumwona mtumishi wa umma akikataa mamlaka, lakini hoja yake ilikuwa na uzito: kampuni huogopa soko ambamo bei inaweza kukataliwa kwa sababu za siasa.

Hofu hiyo ina mfano wake. California ilichagua njia ya pili tangu mwaka 1988, pale wapiga kura walipopitisha hoja namba 103 inayotaka kila ada iidhinishwe na kamishna kabla ya kutumika. Kwa miaka mingi ilimsaidia mwenye gari. Lakini gharama ya moto wa misituni ilipokua kuliko bei iliyoruhusiwa, kampuni zilianza kujiondoa. Mei 2023 State Farm iliacha kupokea wateja wapya wa bima za nyumba katika jimbo hilo. Bei nafuu ya bidhaa isiyopatikana dukani haimsaidii mtu, kama wanavyojua wanaokumbuka enzi za bei elekezi na rafu tupu.

Georgia ilipitisha sheria yake Aprili 2025, na miongoni mwa waliokuwa wakilalamika kwa muda mrefu ni wenye magari ya kubeba magogo. Jimbo hilo hutegemea sana misitu ya kupandwa, na mwenye lori moja au mawili husema ada ya bima inamla kuliko dizeli. Sheria mpya iliruhusu, kwa mara ya kwanza baada ya miongo mingi, jopo la raia kuambiwa kama mdai alikuwa amefunga mkanda au la. Ilizuia pia mawakili kutaja ovyo mamilioni wanapoomba fidia ya maumivu, na ikaruhusu jopo kuonyeshwa pia kiasi cha matibabu kilicholipwa kweli. Hizi ni hatua za busara. Zinaondoa uongo bila kuondoa haki ya kushitaki. Tofauti yake na kufuta ada za mawakili ni kubwa, ingawa wanasiasa huziweka zote kwenye kapu moja.

Kwa mkulima wa Marekani suala hili lina sura mbili. Bima ya mazao yake iko mikononi mwa serikali kuu, ambayo tangu mwaka 1938 ina shirika lake la bima ya mazao na hulipa zaidi ya nusu ya ada kwa wastani. Lakini nyumba yake, ghala, trekta barabarani, lori la kupeleka machungwa kiwandani na basi la vibarua, vyote viko chini ya majimbo, kwa kuwa sheria ya mwaka 1945 iliyaachia majimbo usimamizi wa biashara ya bima. Mkulima wa michungwa wa Florida ameonja pande zote. Ugonjwa wa majani ya njano ulioingia mashambani mwaka 2005, vimbunga na bei ya ardhi vimeshusha mavuno kutoka makasha milioni 242 msimu wa 2003/04 hadi chini ya milioni 16 msimu wa 2022/23. Ada kubwa ya bima haikuua michungwa hiyo, ila ilimkuta mwenye shamba akiwa tayari amechoka.

Afrika Mashariki inaguswa kwa njia mbili. Ya kwanza ni bima mtawanyo. Kampuni za Dar es Salaam na Nairobi hutawanya hatari zao kwa mashirika ya bara hili, nayo hutawanya sehemu London, Munich na Zurich, kule kule zinakokwenda za Florida. Baada ya Ian, bei za bima mtawanyo za majanga zilipanda sana katika mikataba ya Januari 2023. Mafuriko ya Rufiji na kimbunga cha Ghuba ya Mexico hukutana kwenye daftari moja.

Ya pili ni sheria zenyewe. Kenya iliweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu wa tatu katika ajali ya gari, ikitarajia kuokoa kampuni zinazokatia bima matatu. Kampuni ya United ilikuwa imewekwa chini ya usimamizi maalumu mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011, kikomo kikiwapo. Kikomo hakizuii ajali, hakizuii madai ya kughushi, wala hakizuii kampuni kuuza bima chini ya gharama ili ipate fedha za haraka. Waliobaki bila fidia ni majeruhi wenye hukumu mkononi na wenye magari waliokuwa wamelipa ada.

Katika kilimo, ukanda huu umeingia katika aina ya bima ambayo haina kesi kabisa. Mpango wa bima ya mifugo wa Kenya, ulioanza mwaka 2015 katika kaunti za Turkana na Wajir, ulilipa kwa kuangalia malisho kwa satelaiti, si kwa kuhesabu ng'ombe waliokufa. Tanzania nayo ina umoja wa kampuni za bima ya kilimo ulioanzishwa mwaka 2023, na bima za aina ya faharisi ya hali ya hewa zimekuwa zikijaribiwa kwa wakulima wadogo. Faida yake ni ile ile iliyotafutwa Florida: hakuna mkadiriaji, hakuna mkandarasi, hakuna wakili, hivyo ada inaweza kuwa ndogo. Hasara yake pia ni ile ile. Satelaiti ikisema malisho yapo wakati bonde la mfugaji mmoja limekauka, hana pa kulalamika, kwa sababu mkataba haukuahidi kumlipa kwa hasara yake, uliahidi kumlipa kwa kipimo.

Hivyo basi, kabla serikali za ukanda huu hazijaongeza ruzuku na misamaha ya kodi katika bima hizi kwa ajili ya kushusha ada, kuna masharti mawili yanayoweza kuandikwa bila gharama kubwa. Kampuni inayopata nafuu ya sheria au ya kodi itangaze kila mwaka, kwa kila aina ya bima, imekusanya ada kiasi gani, imelipa fidia kiasi gani, na imewalipa kiasi gani washirika wake yenyewe. Na mkataba wa mkulima utaje, kwa Kiswahili, kituo au eneo ambalo kipimo kitachukuliwa, tarehe ya kupimwa, na mtu wa kusikiliza malalamiko ndani ya wilaya. Tanzania ina Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili mteja asilazimike kwenda mahakamani. Mkulima wa pamba wa Meatu aliyekatiwa bima kupitia chama chake cha ushirika, na ambaye karatasi ya bima yenyewe iko kwenye kabati la katibu, huenda hajawahi kusikia kwamba ofisi hiyo ipo.